Siki ya maembe na ya mnazi nyumbani: maswali tunayoulizwa kila msimu

Kaskazi ikishaanza kuvuma na maembe ya Magarini yakamwagwa sokoni Malindi kwa ndoo, simu yangu huanza kulia. Nusu ya maswali ni yale yale ya mwaka jana, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Anayeanza asome tangu juu. Ambaye siki yake tayari imeota ndevu aruke hadi "Mambo yakiharibika".

## Mambo ya mwanzo

Siki ni nini hasa? Si sawa na ndimu tu?

Si sawa. Ukali wa ndimu ni asidi ya sitiriki, nayo imo ndani ya tunda tangu likiwa mtini. Ukali wa siki ni asidi ya asetiki, na huzaliwa kwa hatua mbili. Kwanza chachu inakula sukari na kuacha pombe na hewa ya mapovu. Kisha bakteria wa siki wanaichukua ile pombe, wanaichanganya na hewa ya nje, na kuigeuza asidi. Kila aliyewahi kuacha tembo la mnazi likalala siku mbili tatu ameziona hatua zote mbili, hata kama hakuzijua kwa majina.

Shika jambo moja: hatua ya kwanza haitaki hewa, ya pili haiwezi kwenda bila hewa. Makosa mengi ninayopigiwa simu ni ya mtu aliyefunika palipotaka kuachwa wazi, au aliyeacha wazi palipotaka kufunikwa.

Mbona usitufundishe divai ya maembe tukaishia hapo?

Kwa sababu hapa petu divai ni kazi ya kushindana na hali ya hewa. Inataka ubaridi na utulivu. Chumba changu cha uani mwezi wa Februari hakishuki chini ya nyuzi 28 hata alfajiri, na pombe iliyochacha kwenye joto hilo hutoka na ukali unaokwaruza koo. Ikishapona hapo, bakteria wa siki wanaingia wenyewe. Wao wanapenda nyuzi 25 hadi 30, yaani Malindi hii hii. Kinachomtia hasara mwenye divai ndicho kinachotufanyia kazi sisi. Halafu kuna sheria. Tazama "Sheria, dini na afya".

Nianze na tunda gani?

Maembe, kama ni msimu. Yaliyoiva yakapondeka, ambayo muuzaji anayatoa kwa bei ya kutupa saa kumi jioni, ndiyo bora, mradi hayajaota ukungu. Ngowe ni tamu na ina harufu. Boribo pia ni nzuri. Embe dodo lina nyama nyingi. Zile ndogo zenye nyuzi huleta taabu ya kuchuja, lakini ladha yake haina mfano.

Mabibo ndiyo yanayonisikitisha. Watu wanatwaa korosho na kuacha bibo lioze chini ya mti. Lina maji mengi na sukari ya kutosha, ila linakausha ulimi. Ukichemsha maji yake kidogo, ukaacha yatulie na ukachuja, ukakasi hupungua.

Maji ya dafu yana sukari kidogo mno. Ongeza kama gramu 80 kwa lita, la sivyo utapata siki ya kuoshea madirisha. Maganda ya nanasi yanafaa. Ukwaju usijisumbue nao: ni mkali tayari, na ukali wake si huu.

Nahitaji vyombo gani?

Ndoo ya plastiki ya chakula yenye kifuniko, mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, kitambaa cha bafta, chujio, mwiko wa mbao na chupa. Usitumie sufuria ya alumini, shaba, wala ndoo ya bati. Asidi inakula madini na kuyatia ndani ya siki. Ndoo iliyokaa rangi au dawa ya mimea usiiguse hata ukiiosha mara kumi. Vyombo vya udongo vya zamani vyenye rangi ya kung'aa viache vikae kabatini, kwa kuwa rangi nyingine za aina hiyo zina risasi.

## Hatua ya kwanza: sukari kuwa pombe

Vipimo vya siki ya maembe ni vipi?

Hivi ndivyo ninavyofanya mimi, kwa ndoo ndogo:

Nyama ya maembe kilo 2, bila ganda wala kokwa. Maji lita 2. Sukari gramu 180, kama glasi moja ya chai iliyojaa. Hamira robo kijiko cha chai.

Ponda maembe kwa mkono hadi yawe uji. Chemsha maji na sukari, acha yapoe kabisa, mimina juu ya maembe. Tia hamira ikiwa mchanganyiko umefikia joto la mkono. Ukiitia kwenye maji ya moto umeiua. Koroga, funika, weka mahali pasipopigwa na jua. Kila asubuhi na jioni tumbukiza mwiko usukume makapi yaliyopanda juu, maana yakikauka huota ukungu.

Hesabu iliyo nyuma yake ni hii. Embe bivu lina sukari kama gramu 14 katika kila gramu 100. Ukichanganya na maji na ile sukari uliyoongeza, unapata kama gramu 115 kwa lita. Kila gramu 17 hivi kwa lita zinaleta asilimia moja ya pombe, na asilimia moja ya pombe inaleta karibu asilimia moja ya asidi, pungufu kidogo. Kwa hiyo unaelekea kwenye siki ya asilimia 5 au 6. Mwenye haidromita, kile kifaa cha kupimia sukari ndani ya maji, ataona inaanzia kama 1.045.

Nikiongeza sukari nyingi, siki itakuwa kali zaidi?

Mpaka kiasi fulani tu. Pombe ikipita asilimia 9 au 10 bakteria wa siki huanza kulemewa, na utabaki na kitu ambacho si divai wala si siki.

Hamira ya mandazi inafaa?

Inafaa. Ina harufu ya mkate wiki ya kwanza, kisha inapotea. Mwenye chachu ya divai atumie hiyo, ladha huwa safi zaidi. Kutotia chochote pia kunawezekana, maana ganda la embe lina chachu zake, lakini unacheza bahati nasibu.

Maji ya mfereji yanafaa?

Yanafaa ukiyachemsha au ukiyaacha wazi usiku kucha ili klorini itoke. Ya kisima yenye chumvi usitumie. Kama chai yake ina ladha, siki itakuwa nayo pia.

Nifunge kifuniko kabisa?

Usifunge kabisa! Funika bila kukaza, au toboa kifuniko upitishe kibomba kinachoishia kwenye kikombe cha maji. Mapovu yatatoka na hewa haitaingia.

Mwaka wangu wa kwanza nilitia maji ya maembe kwenye chupa ya soda ya lita 2, nikakaza kizibo, nikaiweka chini ya kitanda. Usiku wa tatu tuliamshwa na mlio, na mama mkwe, aliyekuwa mgeni wetu, akatoka chumbani kwake akisoma Ayatul Kursi. Asubuhi chandarua kilikuwa na madoa ya manjano na chumba kizima kinanuka ngoma ya harusi ya bara. Kama ingekuwa chupa ya kioo nisingekuwa nacheka leo.

Nitajuaje hatua ya kwanza imekwisha?

Mapovu yamekoma, makapi yameanza kuzama, na ukionja utamu umekwenda. Kwa joto letu ni siku 5 hadi 8. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, ongeza siku mbili tatu. Chuja kwa bafta bila kukamua sana, acha usiku mmoja mashapo yashuke, kisha mimina maji ya juu polepole kwenye mtungi wa mdomo mpana.

## Hatua ya pili: pombe kuwa siki

Mama wa siki ni nini na nampata wapi?

Ni utando laini kama nyama ya dafu changa unaoelea juu ya siki. Bakteria wenyewe ndio wanaoufuma. Si uchafu, na hauumi. Ukimpata kwa jirani chukua kipande pamoja na siki yake. Kama huna, nunua siki iliyoandikwa kuwa haikuchujwa wala kuchemshwa. Siki nyeupe ya kawaida ya dukani haina kitu hai ndani yake.

Kipimo ni siki hai sehemu moja kwa sehemu nne za pombe yako. Kuanza na ukali kidogo kunazuia ukungu kabla bakteria hawajashika nyumba. Bila mama pia inawezekana, ila muda huongezeka. Anayeuliza kwa sababu za dini asome kwanza jibu la halali hapo chini.

Nifunike na nini, na kwa muda gani?

Kitambaa cha bafta mikunjo miwili, kimefungwa kwa uzi au mpira shingoni mwa mtungi. Chandarua hakitoshi, vijiinzi vya matunda vinapita. Usijaze mtungi zaidi ya robo tatu. Tunachotaka ni uso mpana unaokutana na hewa. Chupa nyembamba iliyojaa hadi shingoni itachukua miezi.

Kwa Malindi ni wiki 4 hadi 8. Weka kivulini penye upepo, mbali na jiko la mkaa na mbali na jua la moja kwa moja. Zikipita nyuzi 35 bakteria huanza kudhoofika, kwa hiyo juu ya paa la mabati siyo mahali pake. Usimtikise mama kila siku kwa kutaka kujua hali. Onja kwa mrija kutoka pembeni mara moja kwa wiki.

Kwa mnazi ni hivyo hivyo?

Ni rahisi kuliko hivyo. Utomvu unaanza kuchacha ndani ya kibuyu ukiwa bado juu ya mti, kwa hiyo hatua ya kwanza mgema amekufanyia. Chukua tembo la asubuhi, lichuje nyuki na vipande vya makuti, liache siku moja au mbili limalize utamu, kisha liingize kwenye mtungi wenye bafta. Wiki 3 au 4 siki iko tayari, nyeupe kama maji ya mchele. Ndiyo ninayoipenda kwa samaki wa kukaanga.

Msemo wa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa sisi wa siki, si wa mafumbo. Tembo lililozimuliwa linatoa siki dhaifu isiyodumu, tena ndiyo inayoshikwa na ukungu mapema. Mwambie mgema wako wazi kwamba hulinywi. Wengi wakisikia ni la siki wanakupa lililolala kwa bei nafuu.

## Mambo yakiharibika

Juu kuna kitu cheupe. Nitupe?

Inategemea cheupe gani. Kuna vitu vitatu.

Kilicho laini, kinene, kinachoteleza ukikigusa kwa kijiko: huyo ni mama. Mshukuru.

Kilicho chembamba, kikavu, chenye mikunjo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa: hiyo ni chachu ya hewani. Haidhuru lakini inaharibu ladha. Iengue, ongeza siki hai, endelea.

Chenye manyoya, au chenye rangi ya kijani, nyeusi au waridi: huo ni ukungu. Tupa yote. Najua inauma, lakini usienguwe ukasema utachemsha. Sumu za ukungu nyingine haziondoki kwa moto.

Inanuka rangi ya kucha.

Pombe na asidi zimekutana zikazaa harufu hiyo. Hutokea katikati ya safari. Mpe hewa na wiki mbili. Harufu ya yai viza katika hatua ya kwanza nayo ni chachu iliyochoka; koroga kwa nguvu mara moja, itaondoka.

Kuna vijidudu vinaogelea!

Kama ni vinyuzi vidogo mno vinavyojipinda karibu na uso ukimulika tochi, ni minyoo ya siki. Wanakula bakteria, hawana madhara kwa mtu, na wanakufa ukichemsha kidogo na kuchuja. Kama ni funza wa vijiinzi, kitambaa chako kilikuwa na mwanya. Hapo mimi humwaga, si kwa hatari bali kwa kinyaa.

Ilikuwa kali mwezi uliopita, sasa imepoa.

Hili linawashangaza wengi. Pombe ikiisha na hewa ikaendelea kuingia, bakteria wale wale wanageuka kuila asidi waliyoitengeneza, inabaki maji na hewa. Ndiyo maana siki iliyokomaa hutiwa chupani hadi shingoni na kuzibwa.

## Ukali na kuhifadhi

Nitajuaje siki yangu ni asilimia ngapi bila maabara?

Ulimi hautoshi. Hata vile vikaratasi vya rangi vya kupima asidi havikwambii asilimia. Mimi natumia kabichi jekundu. Chemsha jani moja, utapata maji ya zambarau. Gawa kwenye bilauri mbili sawasawa. Moja tia kijiko cha chai cha siki ya dukani iliyoandikwa asilimia 5, nyingine kijiko hicho hicho cha siki yako. Zote zitageuka waridi. Sasa yeyusha kijiko kimoja cha soda ya kupikia kwenye kikombe cha maji na, kwa bomba la duka la dawa lisilo na sindano, dondosha ndani ya bilauri ya kwanza ukikoroga, mpaka zambarau irudi. Hesabu matone. Fanya hivyo kwa ya pili. Ya dukani ikichukua 50 na yako 40, yako ni kama asilimia 4.

Kwa nini nijali asilimia kama ni ya kachumbari tu?

Kwa kachumbari na mchuzi usijali. Kwa achari ya kukaa wiki nyingi nje ya friji jali sana: siki iwe 5 au zaidi, tena usiizimue kwa maji. Kama hukupima, tumia ya dukani kwa achari na ubaki na yako kwa mezani.

Lazima niichemshe?

Si lazima, lakini ukiitia chupani mbichi mama ataota tena shingoni, na wateja wanaogopa. Pasha hadi nyuzi 60 au 65, moto wa kuunguza kidole bila kutokota, kwa dakika 10, kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Jaza chupa za moto hadi juu, ziba. Kabla ya kupasha toa chupa moja mbichi uiweke. Ndiyo mbegu yako ya msimu ujao.

## Sheria, dini na afya

Je, ni halali? Imepitia pombe.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, nami si mwanachuoni. Siki yenyewe imesifiwa. Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim inaitaja kuwa kitoweo kizuri. Ugomvi ni juu ya njia. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wa Pwani, pombe iliyogeuka siki yenyewe ni tohara, lakini iliyotiwa kitu ili igeuke haitohariki. Wahanafi wanaruhusu hata hiyo. Kwa hiyo kumtia mama juu ya pombe iliyokomaa ni pale pale penye ikhtilafu, na kununua tembo ni suala jingine tena. Nenda kwa sheikh wako na maelezo kamili ya hatua, usimuulize tu "siki inafaa?", maana atakujibu ndiyo na hukumuuliza ulichofanya.

Polisi wakikuta ndoo inatoa mapovu?

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza au kuuza pombe. Usiuze wala kugawa kilicho katikati ya njia, na usikae na ndoo nyingi kuliko unazoweza kuzieleza. Mimi humtia mama mapema, siku mapovu yanapokoma, na mtungi unanuka siki hata mlangoni. Ukitaka kuuza siki yenyewe madukani utahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kibali cha afya.

Haitanipofua kama ile pombe ya sumu?

Matunda yakichacha hutoa methanoli kidogo sana, kiasi kisichodhuru. Wanaokufa na kupofuka kwa kawaida wamekunywa kinywaji kilichotiwa methanoli ya viwandani. Sisi hatukeneki, yaani hatuchemshi pombe tukakusanya mvuke wake, na usijaribu.

Nasikia inatibu sukari na kitambi.

Ni kitoweo. Usiinywe kavu, inakula meno na kuunguza koo. Anayetumia dawa za kisukari amuulize daktari kabla ya kuizoea kila siku.

## Maswali ya pembeni

Shemeji ameniletea pakiti ya divai kutoka Italia. Naweza kuifanya siki?

Malindi na Italia hatuachani, kwa hiyo hili huja kila mwaka. Pakiti nyingi huwa na maji ya zabibu mazito, chachu na vifuko kadhaa vya unga, nazo hutoa lita 23, chupa kama 30. Fuata maelekezo hadi divai iache kuchacha, ila vifuko vya salfaiti (sulphite) na vya sobeti (sorbate) usivitie. Kazi yao ni kuzuia vijidudu, na bakteria wako ni miongoni mwao. Divai hiyo itakuwa na asilimia 12 au 13, kwa hiyo izimue kwa maji yaliyochemshwa kiasi sawa na yenyewe, kisha endelea kama hatua ya pili. Utapata siki ya zabibu nyingi kuliko unavyoweza kula. Anza na lita 5.

Nataka kumpelekea dada yangu Lamu mama wa siki. Atafika salama?

Atafika. Mtie kwenye chupa ya plastiki ya mdomo mpana, siki imfunike kabisa, uache nafasi ya vidole viwili juu, kisha kaza kizibo. Siku moja bila hewa haimuui. Usimweke kwenye buti la basi karibu na injini. Mwombe kondakta amweke miguuni mwa abiria, na Mokowe, pa kupandia boti la Lamu, asishuke na mizigo ya samaki. Dada akimpokea jetini amfungue siku hiyo hiyo, amtie kwenye mtungi na kumfunika kwa bafta. Akizama chini asihuzunike: atafuma mwingine juu ndani ya wiki mbili.